Kibao Kigeni Katika Bamba la Skilling 8: Uchambuzi wa Kisa cha Stempu ya Njano ya Uswidi

Tarehe 13 Julai 1857, katika posta ya Nya Kopparberget, mji wa machimbo wa Uswidi ambao leo huitwa Kopparberg, stempu ya skilling 3 (skilling ilikuwa sarafu ya Uswidi wakati huo) yenye rangi isiyo yake iligongwa muhuri. Stempu za skilling 3 zilichapwa kwa kijani chenye ubuluu. Hii ilikuwa ya njano, rangi iliyotengwa kwa stempu ya skilling 8. Karani hakushtuka, mpokeaji wa barua hakushtuka, na ikapita karibu miaka 30 kabla ya mtu yeyote kuitazama tena. Hadi leo haijapatikana nyingine kama hiyo, na kwa sababu hiyo bei yake imeandikwa sana kuliko jambo linalomfaa zaidi mkusanyaji wa stempu, yaani namna ilivyozaliwa.

Swali lililozoeleka ni hili: kwa nini stempu ya skilling 3 ikawa ya njano? Kwa maoni yangu swali hilo limeshikwa kwa upande usiofaa, kwa sababu linatufanya tutafute kosa kwenye wino. Tukigeuza swali tukauliza kwa nini tarakimu 3 ilijitokeza ndani ya shiti ya njano, yaani karatasi nzima ya stempu kabla ya kukatwa, tunahama kutoka kwenye chombo cha rangi na kuingia kwenye bamba la chapa, na hapo ndipo kisa kinapoanza kueleweka. Stempu hii ni tofauti ya bamba kabla ya kuwa tofauti ya rangi, na anayetaka kuelewa alama za bamba kwenye stempu za kwanza za Uswidi hatapata kielelezo kilicho wazi kuliko hiki.

Tuanze na stempu zenyewe. Uswidi ilitoa stempu zake za kwanza tarehe 1 Julai 1855, siku ambayo pia nauli moja ya barua za ndani ya nchi, isiyotegemea umbali, ilianza kutumika. Zilikuwa za thamani tano: skilling 3 ya kijani-buluu, skilling 4 ya buluu, skilling 6 ya kijivu, skilling 8 ya njano iliyokaribia chungwa, na skilling 24 nyekundu. Skilling 4 ndiyo iliyokuwa nauli ya barua ya kawaida. Mchoro ulikuwa mmoja kwa zote: ngao yenye taji tatu, juu yake taji kubwa, neno SVERIGE (Uswidi) upande wa juu, tarakimu kwenye pembe, na thamani kwa maneno upande wa chini. Ukizifunika pembe na mstari wa chini, stempu zote tano hubaki sawa, isipokuwa rangi. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu mchapaji naye alikuwa na shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi: vibao vya kuchapia alivyovishika mkononi vyote vilikuwa na rangi moja ya chuma, na tarakimu zake zilisomeka kinyume.

Kazi ya kuzichapa ilipewa kabaila Pehr Ambjörn Sparre, aliyekuwa na kiwanda chake Stockholm na aliyeendelea kuichapia posta ya Uswidi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1870. Njia aliyotumia ilikuwa ile ya chapa ya juu, ambapo sehemu inayobeba wino imeinuka kuliko sehemu isiyobeba, kama ilivyo kwa herufi za risasi za gazeti la zamani. Bamba la shiti moja halikuwa kipande kimoja cha chuma. Lilikuwa mkusanyiko wa vibao 100, kila kimoja cha stempu moja, vilivyopangwa safu 10 za vibao 10 na kukazwa pamoja ndani ya fremu. Kila kibao kilikuwa nakala iliyotokana na mchoro mmoja wa asili, lakini baada ya kutengenezwa kiliishi maisha yake chenyewe: kilianguka, kikakwaruzwa, kikabonyea pembeni kilipokazwa kupita kiasi, kikachakaa kwa kasi yake, na kikaweza kutolewa na kuwekewa kingine mahali pake bila kuwagusa majirani zake 99.

Utaratibu huo ndio mama wa karibu kila tofauti ya bamba tunayoiona kwenye stempu za skilling na pia kwenye stempu za öre (sarafu iliyochukua nafasi ya skilling) zilizofuata. Uswidi ilipobadili hesabu ya fedha, stempu za mchoro ule ule zilitolewa tarehe 1 Julai 1858 kwa thamani za öre 5, 9, 12, 24, 30 na 50, nazo zilichapwa kwa vibao kama zile za mwanzo. Anayetaka kujifunza kusoma alama za bamba asianze na stempu za skilling, ambazo ni ghali na chache. Achukue rundo la öre 12 za buluu, zilizotumika kwa wingi kwenye barua za kawaida, azipange mezani, na azipitie kwa kioo cha kukuzia zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu jicho hushika tofauti kwa kulinganisha.

Kitu cha kwanza atakachokiona ni kwamba mstari wa fremu unaoizunguka stempu hauko sawa kwenye zote. Kwenye stempu moja pembe ya chini imekatika, kwenye nyingine mstari wa kushoto umeingia ndani kidogo kana kwamba umesukumwa na kidole. Huo ni msukumo wa chuma dhidi ya chuma pale vibao vilipokazwa kwenye fremu. Cha pili ni unene wa wino. Chapa ya juu hubana wino pembezoni mwa mistari, hivyo mstari uliochapwa vizuri huwa na ukingo mweusi zaidi kuliko katikati yake, na ukiigeuza stempu ambayo haijalowekwa sana utaona upande wa nyuma umefura kwa mgandamizo wa kibao. Kibao kinapochakaa, mistari hunenepa, nafasi nyeupe ndogo ndani ya herufi huziba, na taji ndogo zilizo ndani ya ngao huanza kufanana na madoa. Wengi huziona stempu za namna hiyo wakadhani zimechapwa kwa mchoro tofauti, ilhali ni kibao kile kile kilichozeeka.

Hapa inabidi tutofautishe mambo mawili ambayo wauzaji wa stempu, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua, hupenda kuyachanganya. Kuna kasoro inayokaa kwenye chuma, na kuna kasoro inayokaa kwenye karatasi. Kibao kilichovunjika pembe kitatoa pembe iliyovunjika kwenye kila shiti, mahali pale pale, mpaka kitakapotolewa. Lakini unyoya wa vumbi ulioangukia kibao kwa chapa moja, wino uliokauka, karatasi iliyojikunja chini ya mashine, au doa lililohama kutoka shiti iliyowekwa juu, hutokea mara moja na kutoweka. Kasoro ya aina ya kwanza ni tofauti ya bamba. Ya pili ni ajali. Njia ya kuzitofautisha ni moja tu, nayo haina mkato: kupata nakala ya pili yenye alama ile ile kwenye sehemu ile ile. Mwenye stempu moja yenye doa ana doa. Mwenye stempu mbili zenye doa lile lile, zilizogongwa mihuri ya miji miwili na tarehe mbili, ameanza kuwa na ushahidi.

Ni kwa kipimo hicho hicho stempu ya Nya Kopparberget inatutia matatani, kwa sababu haina mwenzake. Kama kanuni ingefuatwa bila kufikiri, tungeiweka kwenye fungu la ajali na kuiacha huko. Hata hivyo kasoro yenyewe ni ya aina ambayo haiwezi kuwa ajali ya karatasi. Hakuna vumbi wala kukunjika kwa karatasi kunakoweza kuandika tarakimu 3 kwenye pembe na kubadili neno ÅTTA (nane) likawa TRE (tatu). Upekee wa nakala unatuambia ni ngapi zilizosalimika. Hautuambii ni ngapi zilizochapwa. Basi tuzipime dhana moja baada ya nyingine.

Dhana ya kwanza ni kwamba shiti nzima ya skilling 3 ilichapwa kwa wino wa njano. Hilo linawezekana kwenye kiwanda chochote, na limetokea kwa stempu za nchi nyingine. Tatizo lake ni hesabu. Shiti moja ina stempu 100, na hakuna mchapaji anayepaka wino kwa ajili ya shiti moja. Kama bamba zima la skilling 3 lingepakwa njano, zingetoka shiti kadhaa zenye mamia ya stempu, na mamia hayo yangeuzwa yakiwa vipande vya mbili mbili, nne nne na safu nzima. Karani aliyefungua shiti nzima ya njano na kukuta kila pembe imeandikwa 3 angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutambua kuliko yule aliyekuwa na 99 za kawaida na moja tu ya kigeni katikati yake. Kupatikana kwa nakala moja pekee, baada ya zaidi ya karne ya watu kuzipekua barua za kale za Uswidi kwa tamaa ya kupata ya pili, kunaidhoofisha dhana hii sana.

Dhana ya pili ni ya kikemia, yaani kwamba stempu ilitoka kiwandani ikiwa ya kijani-buluu na ikageuka baadaye, kwa jua, kwa dawa, au kwa mkono wa mtu. Wakusanyaji wana sababu ya kuiogopa dhana hii, kwa kuwa rangi za kijani zinazotokana na mchanganyiko wa buluu na njano zinaweza kupoteza sehemu moja na kubakiza nyingine. Kipimo chake ni cha maabara pamoja na jicho. Wino uliopoteza buluu kwa dawa kwa kawaida huacha mabaki kwenye mashimo ya nyuzi za karatasi na chini ya wino wa muhuri, mahali ambapo dawa haikupenya sawasawa. Tena rangi inayobaki haina sababu ya kulingana na rangi ya stempu nyingine maalumu. Stempu za skilling 8 zina vivuli vyake, kutoka njano hadi chungwa, kadiri machapisho yalivyofuatana, na stempu inayodaiwa kutoka kwenye shiti yake inapaswa kukaa ndani ya vivuli hivyo, hasa vile vya kabla ya Julai 1857.

Dhana ya tatu ni ya ughushi, na ndani yake kuna tawi moja linalostahili kutazamwa. Posta ya Uswidi ilizichapa upya stempu za skilling miaka baadaye, mwaka 1868, 1871 na 1885, kwa ajili ya wakusanyaji na makumbusho. Kwa kuwa stempu ya njano iligunduliwa katikati ya miaka ya 1880, mtu mwenye shaka anaweza kujiuliza kama haikutokana na mchezo wa rangi uliofanywa wakati wa kuchapa upya. Stempu za asili za skilling zilitobolewa pembezoni vitundu 14 kwa kila sentimita 2, ilhali zile za uchapaji upya wa 1885 zilitobolewa 13. Vilevile mchezo huo ungehitaji muhuri wa Nya Kopparberget wa mwaka 1857 juu ya stempu isiyokuwepo mwaka huo, na muhuri wa kughushi huacha alama zake: wino usiozama kwenye karatasi kwa namna ya wino uliokaa miongo, umbo la herufi lisilolingana na chombo halisi cha posta ile, na mgandamizo unaopita juu ya uchafu badala ya kuwa chini yake.

Inabaki dhana ya nne, ambayo ndiyo inayokubaliwa na wengi, na ambayo mimi pia naiona kuwa nzito kuliko zote. Kibao kimoja katika bamba la skilling 8 kiliharibika. Mfanyakazi akalegeza fremu, akakitoa, akaenda kwenye akiba ya vibao, na akarudi na kibao cha skilling 3. Akakitia mahali pa kile kilichotolewa, akakaza fremu, na kazi ikaendelea. Kuanzia hapo kila shiti ya njano ilitoka na stempu 99 za skilling 8 na moja ya skilling 3.

Tumtazame mfanyakazi huyo kwa karibu, kwa maana dhana nzima inasimama juu ya uwezekano wa kosa lake. Kibao alichokishika kilikuwa kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, kilichopakaa mabaki ya wino, na mchoro wake ulikuwa kinyume, kushoto kuwa kulia. Tarakimu 3 na 8 hufanana hata zikiwa zimesimama vizuri. Zikiwa kinyume, ndogo kama punje ya mtama, na nafasi zake zimejaa wino mkavu, tofauti kati yake ni uwazi mdogo upande mmoja. Mstari wa maneno ungemsaidia, lakini nao ulikuwa kinyume. Zaidi ya hayo, kila kitu kingine kwenye vibao viwili kilikuwa sawa kabisa. Sioni ajabu kwamba alikosea. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba kiwanda kilichochapa stempu 100 kwa wakati mmoja hakikukamatwa na kosa la namna hii mara nyingi zaidi.

Dhana hii pia inaeleza jambo ambalo zile nyingine haziwezi kulieleza, yaani ukimya wa posta. Makarani walizitambua stempu kwa rangi. Shiti ya skilling 8 ilihesabiwa kuwa na thamani ya skilling 800, ingawa yenye kibao kigeni ilikuwa, kwa maandishi yake, ya skilling 795. Karani aliyeuza stempu za njano alidai skilling 8 kwa kila moja, na mteja aliyebandika stempu hiyo alikuwa amelipa skilling 8. Kwa hiyo hakuna mahali popote kwenye hesabu za posta ambapo upungufu ungeonekana. Karani wa Nya Kopparberget naye alipoiona njano aliisoma kuwa 8, akagonga muhuri, akaendelea na barua nyingine.

Hapa ndipo tunapojutia kwamba stempu hiyo haiko tena juu ya barua yake. Kama ingebaki kwenye bahasha, tungeweza kupima nauli. Barua iliyokuwa na uzito wa kulipiwa skilling 8, ikiwa na stempu ya njano ya 3 peke yake, bila alama yoyote ya deni la nauli, ingekuwa ushahidi wa moja kwa moja kwamba stempu iliuzwa na kupokelewa kama 8. Ikiwa stempu imekwisha kubanduliwa, ushahidi huo umepotea, na hili ni somo ambalo wakusanyaji wa karne ya 19, waliopenda kubandua kila kitu na kukipanga kwenye albamu, walilijua wakiwa wamechelewa.

Ugunduzi wenyewe husimuliwa sana. Katika miaka ya 1885 na 1886 kijana wa shule aitwaye Georg Wilhelm Backman alikuwa akipekua barua za zamani kwenye nyumba ya bibi yake, akaipata, na akaipeleka kwa mfanyabiashara wa stempu wa Stockholm, Heinrich Lichtenstein, aliyekuwa akinunua stempu za skilling 3 kwa krona 7 kila moja. Krona 7 ilikuwa bei ya stempu ya kijani ya kawaida. Baadaye ikafika kwa mfanyabiashara wa stempu Sigmund Friedl, ambaye mwaka 1894 alimuuzia Philipp von Ferrary, mwenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa zama zake, kwa gulden 4,000. Mkusanyiko wa Ferrary uliponadiwa katika miaka ya 1920, stempu ilirudi kwenye mikono ya Waswidi: baroni Eric Leijonhufvud, kisha Claes A. Tamm mwaka 1926, kisha mwanasheria Johan Ramberg. Mwaka 1937 ilinunuliwa na Mfalme Carol II wa Romania, na mwaka 1950 ikaenda kwa René Berlingen.

Orodha hii ya wamiliki si mapambo. Kwa stempu isiyo na mwenzake, mlolongo wa mikono iliyopitia ni sehemu ya ushahidi, kwa kuwa unaonyesha kwamba tangu mwanzo wa kujulikana kwake imekuwa ikitazamwa na watu waliokuwa na sababu ya kifedha ya kuitilia shaka. Pamoja na hayo, mlolongo hauthibitishi kilichotokea mwaka 1857, na shaka iliibuka tena kwa nguvu katika miaka ya 1970, pale Makumbusho ya Posta ya Uswidi yaliposema kwamba stempu ni ya bandia. Uchunguzi ukafanywa na tume mbili tofauti, na zote zikakubaliana kwamba ni kosa halisi la uchapaji. Mimi naona mzozo ule ulikuwa na faida. Kabla yake, uhalali wa stempu uliegemea zaidi heshima ya Ferrary na bei aliyolipa. Baada yake, uliegemea karatasi, wino, vitundu na muhuri.

Bei zilizofuata zinajulikana, nazo nazitaja kwa ufupi. Mwaka 1984 iliuzwa na mnada wa David Feldman kwa faranga za Uswisi 977,500. Mwaka 1990 ikapita dola milioni 1 za Marekani. Mwaka 1996 ikafikia faranga 2,870,000. Mwaka 2010 iliuzwa tena Geneva kwa bei ambayo haikutangazwa, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Mswidi Gustaf Douglas katika mauzo ya faragha.

Mtu anaweza kusema kwamba kisa hiki ni cha bahati nasibu na hakimsaidii mkusanyaji wa kawaida. Jibu liko kwenye stempu nyingine ya Uswidi, ambayo imepatikana kwa nakala nyingi na ambayo inaonyesha kosa la ukoo huo huo. Mwaka 1872 Uswidi ilianza kutumia stempu za mchoro mpya, zenye tarakimu kubwa katikati na duara la maandishi kuizunguka. Mwaka 1879, miongoni mwa stempu nyekundu za öre 20 zilizotobolewa vitundu 13, ilionekana moja yenye tarakimu 20 katikati lakini maneno yake kwenye duara yakisema TRETIO ÖRE, yaani öre thelathini, badala ya TJUGO (ishirini). Hapa hakuna anayeweza kuulaumu wino, kwa kuwa rangi ni ile inayostahili, na hakuna anayeweza kusema kibao kizima cha öre 30 kiliingia, kwa kuwa tarakimu ni 20. Kosa liko ndani ya kibao chenyewe, lakini sababu kuu ni ile ile: bamba lililoundwa kwa vipande huruhusu kipande kimoja kukosea peke yake. Tofauti ni kwamba TRETIO ina wenzake, hivyo inaweza kulinganishwa, ilhali ile ya njano inatulazimisha kutumia hoja pale ambapo tungetumia macho.

Wasomaji wa pwani yetu wana mfano wa karibu zaidi bila kuvuka bahari. Stempu za India zilizochapwa juu yake neno Zanzibar mwaka 1895, kwenye kiwanda cha gazeti la serikali kisiwani, zina nakala zenye Zanzidar na Zanizbar. Nazo ni matokeo ya herufi moja moja kupangwa kwa mkono, kosa likikaa mahali maalumu kwenye mpango wa chapa. Aliyewahi kuelewa kwa nini Zanzidar hutokea sehemu moja tu ya shiti ameshaelewa nusu ya kisa cha Nya Kopparberget.

Nirudi kwenye bamba la njano, kwa sababu bado lina kazi isiyokamilika. Kama dhana ya nne ni sahihi, basi mahali pamoja kwenye bamba la skilling 8 pamepitia hali tatu. Kwanza palikuwa na kibao cha skilling 8 kilichokuwa kikiharibika. Kisha pakawa na kibao cha skilling 3. Kisha, kosa lilipogunduliwa kimya kimya au kibao kilipobadilishwa kwa sababu nyingine, pakawekwa kibao kingine cha skilling 8. Hali ya kati ndiyo inayowavutia wote, na ndiyo iliyoacha nakala moja. Lakini hali ya kwanza ilichapwa kwenye shiti nyingi zaidi, na stempu zake haziwezi kuwa zimepotea zote. Zinapaswa kuwa miongoni mwa stempu za kawaida za skilling 8 ambazo watu wamezihifadhi bila kuzichunguza sana.

Tunajua za kutafuta zitakuwaje. Ni stempu za skilling 8 zilizogongwa muhuri kabla ya katikati ya Julai 1857, zenye kasoro ya kudumu inayokua kutoka nakala moja hadi nyingine: mstari wa fremu uliopasuka kidogo kwenye ya mapema, mpasuko mrefu zaidi kwenye ya baadaye, pengine kipande cha pembe kimemomonyoka kwenye ya mwisho, kisha kasoro hiyo isionekane tena kwenye vivuli vya machapisho yaliyofuata. Mfuatano huo hautathibitisha kwamba kibao kilichotolewa ndicho kilichopishwa na kibao cha skilling 3, kwa sababu vibao vingine navyo huenda vilibadilishwa, na kwa kuwa vilikuwa huru vingeweza pia kuhamishwa kutoka nafasi moja kwenda nyingine kati ya uchapaji mmoja na mwingine. Hata hivyo ungepunguza orodha ya washukiwa. Na kama miongoni mwao kungekuwa na stempu mbili zilizoungana, moja ya skilling 8 na jirani yake ya skilling 3, zote za njano, hoja zote zilizotangulia zingekuwa za ziada.

Kwa anayeanza upekuzi huo, stempu zilizobaki mbili mbili au tatu tatu zina thamani ya utafiti kuliko moja moja hata kama sokoni zimechakaa na hazipendezi, kwa sababu zinaonyesha kibao kikiwa na majirani wake. Azipime vitundu kwanza ili aondoe za uchapaji upya wa 1885. Asome tarehe ya muhuri na kuiandika pembeni, hata ikiwa nusu tu ndiyo inayosomeka, kwa kuwa mwezi na mwaka ndivyo vitakavyopanga kasoro katika mfuatano. Aangalie fremu ya kila moja kwa mzunguko, akianzia pembe ya juu kushoto, bila kuruka pembe iliyofunikwa na wino wa muhuri, maana kibao kilichobonyea huonekana vizuri zaidi kwa upande wa nyuma, pale karatasi ilipofura au ilipokosa kufura.